Heroe wa Momella Wanapopauka Kwenye Kompyuta

Ukitoka Arusha mjini kuelekea Moshi, ukaipita Tengeru na kuingia Usa River, kuna barabara inayochepuka kushoto kwenda lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Waongoza watalii wanaoipita asubuhi hurudi jioni na simu zilizojaa picha: heroe wa maziwa ya Momella, ambao wengi huwaita flamingo, mbega wakiruka tawi kwa tawi, Mlima Meru ukiwa umejivua mawingu. Kwenye kioo cha simu heroe hao wana rangi ya waridi iliyoiva. Picha zikihamishiwa kwenye kompyuta ya ofisini ili zitengenezewe tangazo, waridi ile imepauka, na mbega wamegeuka madoa meusi yasiyo na manyoya.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanaifungua picha kwenye programu ya kuhariri, wanaikoleza rangi mpaka heroe wafanane tena na wale wa kwenye simu, kisha wanaituma. Mteja aliyeko Ujerumani anaifungua kwenye simu yake na kukutana na ndege wa waridi kali la kuumiza macho. Picha ile haikuwa na kosa tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwenye kioo kilichotumika kuihukumu, na ndiyo maana kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ni moja: usiguse rangi ya picha kabla hujakijua kioo unachoitazamia.

Wakazi wa ukanda huu wana sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito, kwa kuwa wengi wao wanakula kwa rangi. Mashamba ya maua ya Usa River huuza maua yake nje ya nchi. Tanzanite, ambayo duniani kote huchimbwa Mererani peke yake, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, hupanda na kushuka bei kwa kina cha bluu yake. Wauza vitenge hutuma picha kwa wateja wa mbali kupitia WhatsApp, na mteja akipokea mzigo wenye rangi tofauti na aliyoiona, biashara inaingia doa. Kwa watu hawa rangi isiyo sahihi ni hasara inayohesabika kwa shilingi.

Picha ya kidijitali haina rangi ndani yake. Ina namba. Kila nukta yake, yaani pikseli, hubeba namba tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani, moja ya bluu, na kila moja huanzia 0 hadi 255. Wazo la kujenga rangi zote kwa taa tatu ni la zamani: mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alilionyesha London mwaka 1861 kwa picha ya utepe wa rangi uliopigwa mara tatu kupitia vichujio vya rangi tatu. Waridi ya heroe inaweza kuandikwa 252, 142, 172. Namba hizo ni kama vipimo vya mapishi: wapishi wawili wakipewa vipimo vile vile, kila mmoja akatumia jiko lake na viungo vya duka lake, vyakula havitalingana. Simu inasoma 252 na kuwasha taa yake nyekundu, kompyuta inasoma 252 hiyo hiyo na kuwasha ya kwake. Wekundu wa taa hizo mbili haulingani.

Ili vurugu hii ipungue, kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza mwaka 1996 kipimo cha pamoja kinachoitwa sRGB, na mwaka 1999 kikawa kiwango rasmi cha kimataifa. Mpaka leo sRGB ndiyo lugha ya kawaida ya picha za intaneti. Lakini simu zimeikimbia. Apple ilianza kuweka kwenye kompyuta zake mwaka 2015, na kwenye iPhone 7 mwaka 2016, uwanja mpana zaidi wa rangi uitwao Display P3, na simu nyingi nzuri za Android nazo zikafuata. P3 inafika mbali zaidi kwenye wekundu na kijani. Upande wa pili, kompyuta mpakato za bei nafuu, zile zinazojaa kwenye ofisi nyingi, hazifikii hata sRGB yenyewe. Kwa hiyo heroe anapotoka kwenye simu kwenda kwenye kompyuta ya namna hiyo, anahama kutoka uwanja mpana kuingia uwanja finyu, na waridi yake inabanwa.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Faili nzuri husafiri na cheti kidogo ndani yake, yaani wasifu wa rangi, kinachosema namba hizi zisomwe kwa kipimo gani. Vivinjari vya kisasa na programu za kuhariri hukisoma. Programu nyingine za kutazamia picha hukiruka. Ndiyo maana picha hiyo hiyo, kwenye kompyuta hiyo hiyo, inaweza kuonekana nzuri ndani ya kivinjari na kufifia ndani ya programu ya picha. Ukikutana na hali hiyo, amini programu inayosoma wasifu.

Kioo chenyewe nacho kina tabia zake. Simu nyingi za sasa zina vioo vya OLED, ambavyo kila pikseli huwaka peke yake na kuzimika kabisa inapotakiwa kuwa nyeusi. Kompyuta nyingi zina vioo vya LCD, ambavyo taa huwaka nyuma ya kioo chote muda wote, na nyeusi yake kwa kweli ni kijivu cheusi. Ndani ya LCD kuna daraja. Zile za IPS hutunza rangi hata ukizitazama kwa upande, lakini za TN, zinazopatikana kwenye kompyuta za zamani na za bei ya chini, hubadilika ukisogeza kichwa kidogo tu. Kipimo chake ni rahisi. Fungua picha ya mbega, simamisha kioo wima, kisha kilaze taratibu kuelekea nyuma. Kama manyoya meusi yanafunguka na kumezwa kadiri kioo kinavyosogea, kompyuta hiyo haifai kuhukumu mwanga wa picha, hata ikiwa na kasi ya kutisha.

Mbega, kwa kweli, ni picha bora ya majaribio kuliko kadi nyingi zinazouzwa. Mwili wake una weusi mzito na joho jeupe, yaani ncha mbili za kipimo ndani ya mnyama mmoja. Kioo kizuri kitakuonyesha nywele ndani ya weusi na nywele ndani ya weupe kwa wakati mmoja. Kikikupa doa jeusi, kinameza vivuli. Kikikupa doa jeupe, kimezidishiwa mwanga. Ukiwa na picha moja ya mbega iliyopigwa vizuri, ihifadhi na uifungue kila unapokalia kompyuta usiyoijua.

Na mazingira? Jua la mchana la Usa River linafika takriban laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga unaomulika mahali), wakati ofisi ya kawaida ina laksi 300 hadi 500. Simu za daraja la juu hupambana na jua kwa kupandisha kioo kupita niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), ilhali kompyuta mpakato nyingi huishia kati ya niti 200 na 300. Mwongoza watalii anayehariri picha ndani ya gari, kivulini pembezoni mwa Momella, anaziona nyeusi mno na kuziongezea mwanga. Usiku akizifungua nyumbani, mawingu ya Meru yameungua yote. Kuhariri nje mchana ni kupoteza muda. Subiri uingie ndani, mahali ambapo jua halipigi kioo wala uso wako.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, tukianza na simu.

Watengenezaji wa simu wanajua kuwa mnunuzi dukani huvutwa na rangi kali, kwa hiyo simu nyingi huuzwa zikiwa zimekolezwa. Kwenye Samsung, ingia Mipangilio, nenda sehemu ya skrini, tafuta hali ya skrini, kisha uchague ile ya asili badala ya ile ya kukoleza. Xiaomi, Tecno, Infinix na nyinginezo nazo mara nyingi zina mpangilio wa aina hiyo, ingawa majina yake hutofautiana kati ya toleo na toleo. Siku ya kwanza utaiona simu imefubaa. Vumilia, jicho litazoea, na utaanza kuona kile alichokiona mpigapicha.

Kisha zima vitu vyote vinavyobadilisha kioo bila kukuuliza: mwanga wa usiku unaogeuza weupe kuwa manjano, hali ya kuokoa betri inayofifisha kioo, na mwangaza unaojirekebisha wenyewe. Kwenye iPhone zima True Tone na Night Shift. Vyote vina faida yake kwa matumizi ya kawaida, lakini havina nafasi unapopima rangi. Watu wengi wamegombana na wateja kuhusu kitenge cha rangi ya maziwa kumbe upande mmoja wa mazungumzo simu ilikuwa kwenye mwanga wa usiku.

Picha za simu mpya zina ugumu mwingine. Simu nyingi sasa huficha ndani ya faili ramani ya mwangaza inayoiambia skrini iwashe zaidi sehemu kama jua, maji na anga. Android 14, ya mwaka 2023, ilileta mfumo wa Ultra HDR, na iPhone zina wa kwao. Maji ya Momella yanametameta kwenye simu iliyopiga picha, ila kompyuta isiyoielewa ramani hiyo huonyesha picha ya chini tu, iliyotulia. Hakuna kilichoharibika. Ukitaka kuona picha kama watakavyoiona walio wengi, kwenye iPhone ingia mipangilio ya Picha na uzime kuonyesha HDR kamili.

Kwa upande wa kompyuta, iwashe nusu saa kabla ya kazi ili kioo kitulie. Kama ni ya Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika dccw, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha la kurekebisha rangi linalokuongoza hatua kwa hatua: mwanga wa kati, mwangaza, tofauti ya weusi na weupe, halafu usawa wa rangi tatu. Fuata picha za mfano, usiharakishe hatua ya mwisho, na hakikisha kijivu ni kijivu kweli, hakina harufu ya kijani wala ya wekundu. Haigharimu kitu. Kwenye Mac, anza kwa kuacha wasifu wa rangi uliokuja na kioo chake, kwa sababu mara nyingi huwa karibu na ukweli.

Jicho hata hivyo lina ukomo. Mtu anayeishi kwa picha, kama mpigapicha wa harusi au mtengenezaji wa mabango, anahitaji kifaa cha kupimia rangi kinachowekwa juu ya kioo, kama vile Spyder za Datacolor au vya Calibrite. Kifaa husoma rangi ambazo kioo kinatoa na kukitengenezea wasifu wake. Bei yake inaweza kumtisha mtu mmoja, ila kazi hiyo hufanywa mara moja kwa mwezi au zaidi, kwa dakika chache. Wapigapicha watano au sita wa Usa River, Maji ya Chai na Tengeru wakichangishana, kifaa kimoja kinawatosha wote. Watu wa ukanda huu wanajua kuchangia harusi za wenzao, hili ni dogo kuliko hapo.

Kabla hujalaumu kioo, hakikisha unalinganisha faili moja. WhatsApp hubana picha na kuipunguza ukubwa kabla ya kuituma, na hata chaguo la HD lililoongezwa mwaka 2023 bado hubana kiasi. Ukitaka faili ifike ilivyo, iambatishe kama Hati, au ihamishe kwa waya. Linganisha ukubwa wa faili pande zote mbili: ikiwa iliondoka na megabaiti 4 na kufika na kilobaiti 200, unatazama picha nyingine.

Ukali wa picha nao hudanganya. Kioo cha simu hubana pikseli 270 hadi 400 na zaidi ndani ya inchi moja, ilhali kioo cha mezani cha inchi 24 chenye pikseli 1,920 kwa 1,080 kina takriban 92 tu. Mtikisiko wa mkono uliojificha kwenye simu unajitokeza wazi kwenye kompyuta. Hapo kompyuta ndiyo inayosema kweli, kwa hiyo ukibaki porini na simu tu, kuza picha mpaka uyaone macho ya mnyama kabla hujaamua kuwa umempata.

Ukimaliza kuhariri, hifadhi nakala ya intaneti kwa sRGB. Picha za iPhone hubeba Display P3, kwa hiyo zibadilishe wakati wa kuzitoa, kwa Photoshop, Lightroom au GIMP, ambayo ni ya bure. Tunza ile ya awali pembeni. Ukifanya hivyo, heroe wako hawatakuwa na waridi ya juu kabisa kwenye simu ya bei kubwa, lakini hawatapauka vibaya kwenye kompyuta ya wakala wa safari. Kwa tangazo la biashara, hiyo ndiyo dili bora.

Kila bidhaa ina mtego wake. Waridi jekundu la shambani ni gumu kuliko linavyoonekana, kwa kuwa wekundu mkali hujaza namba yake ya kwanza mpaka 255 na petali zote zikawa bapa moja lisilo na mikunjo. Mnunuzi hawezi kuona ubora wa ua ambalo halina petali. Piga kwenye kivuli chepesi, gusa ua kwenye kioo, kisha uteremshe mwanga kidogo mpaka mikunjo irudi. Usijaribu kuirudisha baadaye kwa kuhariri, kwani kilichojaa 255 kimekwisha.

Nyuso zinahitaji uangalifu wa aina yake. Ngozi nyeusi huishi kwenye sehemu ya chini ya kipimo cha mwanga, pale pale ambapo kioo hafifu humeza vivuli, na bwana harusi mweusi mwenye suti nyeusi ndiye anayeumia zaidi. Historia nayo haikuwatendea haki watu wenye ngozi nyeusi: kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe, na ngozi nyingine zote zikapimwa kwa ngozi yake. Kampuni za simu zimeanza kulirekebisha hilo. Google ilitangaza mfumo wake wa Real Tone mwaka 2021. Bado kazi kubwa iko kwa mpigapicha. Usimhariri mtu kwa kioo kinachomeza mbega, na zima kabisa urembeshaji wa uso, maana humpausha mtu ambaye alikuwa mzuri alivyo.

Kwa kadi na mabango, kumbuka kuwa karatasi haiwaki. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi, na bluu zinazowaka kwenye kioo ndizo za kwanza kufa kwenye karatasi. Kabla ya kuagiza kadi 200, omba steshenari ikuchapie moja, utoke nje nayo, uitazame kwa mwanga wa mchana, ndipo utoe idhini.

Tanzanite ndiyo ngumu kuliko zote. Tangu lilipogunduliwa mwaka 1967, jiwe hili limekuwa maarufu kwa kubadilika: ukiligeuza, bluu inapisha zambarau, na jiwe linaloonekana bluu kwa mwanga wa mchana huegemea zambarau chini ya balbu ya manjano. Juni 2020, mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipoiuzia serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7, picha zake zilizunguka dunia, na kila kioo kiliyaonyesha kwa bluu yake. Hapa hata simu ya bei kubwa haisaidii sana, kwa sababu ncha ya bluu ya P3 ni ile ile ya sRGB. Tatizo kubwa liko kwenye mwanga na kwenye kamera inayokisia weupe. Weka kando ya jiwe kadi ya kijivu au, ukikosa, karatasi nyeupe isiyo na rangi, ili mtazamaji apate pa kulinganishia. Piga kwenye kivuli cha mchana, mbali na ukuta wa rangi na shati la rangi, kisha upige tena chini ya balbu.

Mtumie mnunuzi picha zote mbili pamoja na video fupi ya jiwe likigeuzwa, na chini ya kila moja uandike ilipigwa kwa mwanga gani. Na wewe unayenunua, usikubali bei ya mwisho kwa kuangalia kioo. Nenda ulione jiwe, au mtume mtu unayemwamini akalione, mchana, nje ya duka.